Vipande Tulivyouza kwa Kilo

Mama mmoja aliweka gunia juu ya meza ya kazi ya karakana yetu, akalifungua, akarudi nyuma hatua mbili. Ndani mlikuwa na shafti ya kinu chake cha mahindi, ile fimbo ya chuma inayozunguka, imekatika vipande viwili. Pale pale ilipokatika mara ya kwanza. Pale pale ilipokatika mara ya pili.

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi minne.

Alikuwa ametoka Kamuli na taksi ya alfajiri, gunia miguuni. Kinu kimesimama, majirani wanapeleka mahindi yao kwa mwenye kinu mwingine, na mkopo alionunulia mashine hausubiri shafti ipone. Hayo hakuyasema siku hiyo. Alishayasema mara mbili, na sisi tulikuwa tunayajua.

Mzee aliyeikereza ile shafti aliinua kipande kimoja, akakigeuza, akakirudisha mezani. "Chuma cha siku hizi," akasema. Nami nikaitikia, kama tunavyoitikia siku zote.

Pembeni kulikuwa na binti, mwanafunzi wa diploma ya ufundi mitambo, yuko wiki ya tatu ya mafunzo ya vitendo. Kazi tuliyompa asubuhi ile ilikuwa kufagia. Akausimamisha ufagio ukutani, akasogea.

"Mzee, samahani. Vile vipande vya mara ya kwanza na ya pili viko wapi?"

Tukatazamana.

Tulikuwa tumeviuza. Kila Ijumaa hupita jamaa wa chuma chakavu na mzani wake, na hela tuliyopata haikutosha hata soda za mafundi wote. Hapa Jinja, Uganda, kuna viwanda vinavyoyeyusha chakavu. Huenda shafti za mama yule sasa ni nondo ndani ya ukuta wa mtu.

Swali la binti limenikaa kichwani wiki saba sasa. Naandika kwa sababu limekataa kuondoka.

## Wimbo wangu wa miaka kumi na minane

Mimi ni mwalimu wa ufundi. Karakana ni ya ndugu yangu, iko upande wa Masese, nami nashinda pale Jumamosi na siku za likizo. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa na wimbo mmoja: vijana wetu wana karatasi, hawana mikono. Nimeuimba kwenye vikao vya wazazi, nimeuimba mbele ya wakaguzi. Wapeni vijana mashine, punguzeni chaki, viwanda vitasimama.

Na wimbo una ukweli wake. Nimeona wanafunzi arobaini wakiizunguka mashine moja ya kukereza, na wa nyuma anamaliza muhula bila kuushika mpini. Sitaki mtu asome makala hii aseme mwalimu amebadilika, sasa anadharau mikono.

Lakini siku ile mikono ilikuwepo.

Mikono ya Mzee ni ya kutazamwa. Anakereza huku amegeuza sikio kuelekea kisu, na sauti ikibadilika kidogo tu anapunguza mwendo kabla mimi sijaona kitu. Beringi, ile inayoishika shafti ikizunguka, anaikadiria hadi inaingia kwa kusukumwa na kiganja, haichezi, haibani. Mikono hiyo hiyo ilitengeneza shafti yenye kosa lile lile mara mbili, kwa ustadi ule ule.

Hapo wimbo wangu ukanikatikia kooni.

## Tulichokifanya, tukidhani tunasaidia

Mara ya kwanza tulichukua vipimo vya shafti iliyovunjika, tukatengeneza nyingine inayofanana nayo. Fundi yeyote angefanya hivyo.

Mara ya pili tukasema tuongeze nguvu. Tukachukua chuma kinene zaidi. Mwili wa shafti ukanenepa, lakini beringi zilikuwa zile zile, kwa hiyo pale shafti inapopungua ili iingie kwenye beringi, lile bega likawa refu zaidi. Kona yake ilikuwa ya mraba, imekatwa safi, inapendeza kwa macho. Tulijivunia.

Ile nene ndiyo iliyovunjika haraka kuliko zote.

Binti aliomba aipeleke dirishani. Akaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akatuita. Nimefundisha kwa miaka yote hiyo na naona haya kukiri kwamba sikuwahi kuuinamia uso wa chuma kilichovunjika namna ile. Sehemu kubwa ya uso ilikuwa laini, na ndani yake kulikuwa na mistari ya upinde inayofuatana, mmoja nyuma ya mwingine, kama alama ambazo maji ya ziwa huacha kwenye mchanga yanaporudi nyuma. Mistari yote ilianzia sehemu moja ukingoni, kwenye kona ya bega. Upande wa pili kulikuwa na eneo dogo lenye chenga chenga, kama sukari guru iliyovunjwa.

"Haikuvunjika jana," akasema. "Ilianza kuvunjika siku nyingi. Hiki kipande kidogo ndicho kilichokuwa kimebaki kikishika."

Wiki nzima mama alikuwa anasaga mahindi kwa shafti ambayo tayari ilikuwa imepasuka, na sisi tulikuwa tunalaumu chuma.

## "Chuma kinachokaje?"

Binti alitaja neno la Kiingereza, lile la kitabuni. Mzee akatikisa kichwa. Akalieleza kwa Kiingereza kingine kirefu zaidi. Mzee akaanza kutafuta tupa yake, na nikajua tunampoteza.

Karakana yetu huzungumza Kiswahili. Yuko Msoga, yuko Mteso, yuko Mjaluo, yuko Mnubi kutoka Bombo, na lugha inayotukutanisha kwenye spana na bisibisi ni hii. Binti alikulia Walukuba, Kiswahili anacho, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha somo lake kwa Kiswahili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, hiki chuma kimechoka."

"Chuma kinachokaje, nacho hakina damu?"

Akaokota kipande cha waya wa kufungia, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena, hadi kikakatika. Halafu akaeleza. Mkanda unaivuta shafti upande mmoja. Inapozunguka, upande wa nje ya mvuto unatanuka na upande wa pili unabanwa, na nusu mzunguko baadaye vinabadilishana. Ikiwa inazunguka mara 1,500 kwa dakika, ndani ya saa moja imekunjwa na kukunjuliwa mara 90,000. Hakuna hata mara moja yenye uzito wa kuvunja. Lakini kwenye kona kali nguvu hujazana kama watu kwenye mlango mwembamba, na ufa mdogo usioonekana ukishaanza pale, kila mzunguko unausogeza kidogo.

Mzee akauchukua ule waya, akautazama.

"Kumbe shafti nayo ni waya."

Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi hapa Uganda, na mjadala wote niliousikia ulihusu bunge na shule za msingi. Mimi nawazia kwingine. Nawazia maswali mangapi ya aina hii yamefia karakanani kwa sababu aliye na jibu analijua kwa lugha moja na aliye na mashine anafanya kazi kwa nyingine.

## Pete

Ingekuwa rahisi kuishia hapo: msomi kaja, kaokoa jahazi. Haikuwa hivyo.

Binti alisema kona iwe ya mviringo, nguvu ipite taratibu. Mzee akacheka kwa upole. "Binti yangu, ukinipa kona ya mviringo, beringi itapanda juu ya huo mviringo. Haitafika begani. Itakaa upande, na kesho mama anarudi na beringi imekufa."

Binti akafungua daftari. Hakukuwa na jibu mle. Nikamwona uso umemshuka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikawa na hakika kwamba ana kitu cha kujifunza kwetu.

Mzee aliwaza huku akipangusa mikono. Kisha akasema, "Tutaweka pete." Pete ya chuma kati ya bega na beringi, tundu lake limepanuliwa upande wa bega ili liupishe mviringo, na upande wa beringi uwe bapa. Bega lirudishwe nyuma kwa unene wa ile pete. Mwili wa shafti tuurudishe kwenye unene wake wa zamani.

Alikwenda kwenye jiwe la kunolea, akaisaga ncha ya kisu hadi ikawa duara, akiitazama dhidi ya mwanga kila baada ya cheche chache. Akaikata kona. Alipozima mashine hakuchukua kipimo chochote. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye shingo ya shafti hadi begani. Ukucha ukapanda bila kunasa. Akamwambia binti naye apitishe wake.

Hakuna kati yetu watatu ambaye angeitengeneza shafti ile peke yake.

## Ekseli za mwaka 1842

Usiku ule nilirudi kwenye vitabu vyangu vya zamani. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilianguka baada ya ekseli ya kichwa chake kukatika. Moto ukashika, abiria walikuwa wamefungiwa milango kwa nje, na waliokufa walizidi hamsini. Siku zile wengi waliamini kwamba chuma kikitumika sana hubadilika tabia ndani, kinakuwa chenga chenga. Maneno ya Mzee na yangu, chuma cha siku hizi, yalikuwa na wazee wenzake huko.

Mwaka 1843 Mskoti mmoja, William Rankine, ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 25, alieleza alichokiona kwenye ekseli za reli zilizovunjika: ufa ulianzia kwenye kona ya bega, ukasonga ndani taratibu. Akashauri kona zipewe mviringo. Baadaye Mjerumani August Wöhler, naye mtu wa reli, alijenga mashine za kuzikunja ekseli kwa kuzizungusha hadi zivunjike, akihesabu mizunguko.

Kilichonigusa si umri wa maarifa haya. Kilichonigusa ni kwamba Rankine alikuwa na ekseli zilizovunjika mbele yake. Mtu alikuwa amezihifadhi.

## Kadi ya baba

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alikuwa akisema kila kifaa kilichoingia karakanani kilikuwa na kadi: kimetoka wapi, kimeharibika vipi, kimetengenezwa na nani, kimerudi lini. Kifaa kikirudi, kadi inatolewa kwanza, spana baadaye. Nilipokuwa mdogo niliona ni hadithi za wazee wanaosifu zamani zao.

Zamani hizo Jinja ilikuwa mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukavuta kiwanda cha nguo, na shaba ya Kilembe ikawa inaletwa kuyeyushwa hapa. Halafu ukaja mwaka 1972, Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Walioondoka hawakuwa wenye maduka peke yao. Miongoni mwao walikuwa mafundi, wasimamizi wa mitambo, makarani wa karakana. Mashine zilibaki. Waliojua historia ya kila mashine hawakubaki.

Mzee wetu alijifunza kazi katika miaka iliyofuata, miaka ya magendo, spea hazipatikani, kila kitu kinabuniwa. Watu wa Katwe, mtaa wa mafundi kule Kampala, walijenga jina lao kwa ubunifu huo na wanalistahili. Shule ya Mzee ilikuwa na swali moja: itatembea leo? Katika njaa ile, kuuliza kwa nini kitu kilivunjika ilikuwa anasa. Naliheshimu swali lake. Lilivusha familia.

Ila njaa ile ilipita, na sisi tumebaki na swali lile lile.

Juu ya kilima cha Makerere, kwenye chuo kikuu kule Kampala, mambo nayo yalienda upande wake. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14, wakisoma useremala, ujenzi na umakanika. Kazi za mikono zikahamishwa, zikaishia chuo cha Kyambogo, na kitivo cha teknolojia Makerere kikaja 1970. Kabla ya hapo aliyetaka uhandisi wa chuo kikuu cha Afrika Mashariki alikwenda Nairobi. Mwaka 2003 Kyambogo nayo ikawa chuo kikuu. Siwalaumu waliofanya hivyo, kila hatua ilikuwa na sababu zake. Lakini kila tunapopandisha chuo ngazi, kuna mtu wa kati anayepungua: yule anayeweza kusimama mchana karakanani na jioni akaandika alichokiona. Ninamtafuta mtu huyo, na nimemkuta ameshika ufagio.

## Niliporudi darasani

Muhula ulipofunguliwa nilitoa mitihani yangu ya vitendo ya miaka ya nyuma. Piga tupa bloku hii iwe milimita 50. Chomelea maungio haya. Kereza shafti yenye mabega mawili kwa vipimo hivi.

Shafti yenye mabega mawili. Kona za mraba. Mimi ndiye niliyechora.

Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Nikahesabu vijana waliopita mikononi mwangu, walioko kwenye vinu vya Iganga na Bugiri, kwenye viwanda vya sukari, wakikata kona safi za mraba kwa fahari niliyowafundisha. Sijui cha kufanya na hesabu hiyo. Nimewapigia simu watatu ambao nina namba zao.

Na hata mmoja wa mitihani ile haukumpa mwanafunzi kitu kilichovunjika na kumuuliza kwa nini. Nikafungua madaftari ya mafunzo ya vitendo ambayo nimeyatia sahihi: leo nimejifunza kuchomelea, leo nimejifunza kubadilisha beringi. Ukurasa baada ya ukurasa, hakuna kilichoharibika.

Mzee ana cheti cha Worker's PAS, kile ambacho Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilikuwa ikimpa fundi baada ya kumpima kwa kazi anayoifanya, hata kama hakuvuka darasa la saba. Amekitundika juu ya mashine yake na naona ni moja ya mambo mema tuliyoyafanya tangu sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008. Ningependa siku moja kipimo hicho kiongezewe meza moja, juu yake kuna kitu kimekatika, na fundi aelezwe: tuambie hiki kilikufa vipi, kwa lugha yoyote unayoijua.

Nasema hivi kwa sababu nchi inaelekea kwenye mashine kubwa zaidi. Bwawa la umeme la Karuma lilizinduliwa 2024, megawati 600, mitambo sita ya megawati 100 kila mmoja. Kila mmoja una shafti inayozunguka chini ya ardhi. Kuna Mganda kijana pale leo, anasikiliza. Siku akisikia sauti asiyoijua, je, ana mahali pa kuiandika, na mtu wa juu yake atausoma mwandiko huo?

Viwanda navyo vina lao. Meneja anapokea mwanafunzi wa mafunzo kama mzigo wa miezi miwili, anampa chai ya kupeleka na sakafu ya kufagia. Sisi tulifanya hivyo hivyo, na sisi ni karakana ya mwalimu.

## Rafu

Ndugu yangu alitoa ubao, nami nikapigilia misumari. Rafu iko juu ya meza ya kazi, karibu na dirisha. Kipande cha kwanza ni cha mama wa Kamuli; kimefungwa kwa waya na kadi ya karatasi ngumu: tarehe, kinu cha nani, kimefanya kazi muda gani, ufa umeanzia wapi. Mwandiko ni wa binti. Mama tulimrudishia nusu ya malipo yake, na alipokuja kuichukua shafti mpya tukamwonyesha kiasi cha kukaza mkanda, maana naye alikuwa akiukaza hadi unalia kama gitaa.

Wiki ya saba sasa. Kinu kinasaga. Sijasema kimepona.

Jamaa wa chakavu hakufurahi. Tumekubaliana kwamba vilivyovunjika anapata baada ya mwaka.

Binti alimaliza mafunzo yake na kurudi chuoni. Jumamosi iliyopita nilimkuta Mzee amesimama dirishani, ameshika ekseli ya gurudumu la nyuma la pikipiki ambayo kijana mmoja wa bodaboda aliiacha. Ameshaisugua kwa mafuta ya taa. Aliigeuza huku na huku kwenye mwanga, akapitisha ukucha ukingoni.

"Mwalimu, hii ilichoka, au ilipigwa?"

Nikanyoosha mkono niipokee. Akaivuta kidogo.

"Piga picha kwanza, umtumie yule binti. Usimwambie kitu. Mimi nasema ilichoka."